Cheti cha Ndoa si Kibali cha Kukaa

Ndugu msomaji, juma lililopita ukurasa huu ulizungumzia namna ya kuhifadhi mafuta ya mawese yasiharibike, na barua zenu za shukrani zimetufikia. Leo tunaliacha jiko kwa muda, tunakwenda mlangoni. Yako mambo ya nyumba ambayo mama hawezi kuyatengeneza kwa mwiko wala kwa ufagio, na jambo la leo ni mojawapo.

Tumepokea barua kutoka Rohero, hapa Bujumbura, iliyoandikwa na mama mmoja aliye mke wa askari jeshi. Ameomba jina lake lisitajwe, nasi tumelihifadhi. Alizaliwa Ujiji, mkoani Kigoma, akaingia Burundi miaka sita iliyopita kwa njia ya Manyovu na Mugina, akiwa bibi arusi. Ndoa ilifungwa na shehe huko Buyenzi, mahari yakatolewa, karamu ikaliwa, na wazee wa pande zote mbili wakashuhudia. Mungu amewajalia watoto wawili. Mumewe yuko kazini katika kambi iliyo mbali na mji, na hurudi nyumbani kila apatapo ruhusa.

Anaeleza kwamba alfajiri moja, kabla jua halijachomoza, askari wa usalama walipita nyumba kwa nyumba katika mtaa wao kukagua wakaaji. Daftari la nyumba lilikuwapo, na jina lake lilikuwamo, mstari wa pili, chini ya jina la mumewe. Pasipoti yake nayo ilikuwapo, lakini muhuri wa kuingia ulikuwa umekwisha siku zake tangu zamani, wala hapakuwa na muhuri mwingine uliofuata. Basi akaingia ndani, akafungua sanduku, akatoa cheti cha nikahi kilichofungwa kwa uangalifu ndani ya kitambaa, akakiweka mkononi mwa askari. Yule kijana, ambaye mama mwenyewe anakiri kuwa alikuwa na adabu, alikisoma mara mbili, kisha akasema: "Mama, karatasi hii inasema umeolewa. Haisemi unaruhusiwa kukaa."

Mama akapelekwa kituoni na mtoto mchanga mgongoni. Yule mkubwa, mwenye miaka minne, akabaki kwa jirani. Alirudi alasiri, baada ya nyumbakumi na rafiki mmoja wa mumewe kufika kumdhamini. Alipewa siku 30 za kutengeneza karatasi zake. Barua yake inakwisha kwa swali hili: "Je, mimi si mke wa nchi hii?"

Swali hilo si lake peke yake. Mji wetu ni mji wa ziwa na mpaka. Kutoka hapa hadi mpaka wa Gatumba ni mwendo mfupi, na ng'ambo yake iko Uvira. Wako Warundi wengi waliokaa ukimbizini Tanzania kwa miaka mingi, wakarudi na wenzi waliowapata huko; hata kambi ya Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012, familia nyingi zilirudi zikiwa na watoto waliozaliwa upande ule. Askari wetu nao wamefanya kazi katika nchi za watu, na moyo wa kijana haujui mpaka. Kwa hiyo katika kambi zetu na katika mitaa yetu, nyumba zenye mke mgeni au mume mgeni si chache. Nyingi katika hizo zimejengwa juu ya mapenzi ya kweli. Lakini mapenzi hayapigwi muhuri, na ni juu ya muhuri huo tunataka kuzungumza leo.

Lililo muhimu kufahamu kwanza ni kwamba mambo matatu ambayo watu huyachanganya kuwa jambo moja, sheria huyaweka mbalimbali. La kwanza ni ndoa. La pili ni kibali cha kukaa. La tatu ni uraia. Kila moja lina mlango wake, karatasi zake na afisa wake. Mtu aweza kuwa na la kwanza akakosa la pili. Aweza kuwa na la pili kwa miaka ishirini asilipate la tatu. Yule askari kijana wa Rohero, ingawa maneno yake yalimchoma mama wa watu, alisema kweli.

Tuanze na ndoa. Sheria ya Watu na Familia ya Burundi, iliyofanyiwa marekebisho tarehe 28 Aprili 1993, haiitambui ndoa mpaka ifungwe mbele ya afisa mwandikishaji wa komini. Baraka za padri, nikahi ya shehe na mahari ya wazee ni mambo ya heshima, na hakuna anayeyadharau, lakini peke yake hayazai haki mbele ya serikali. Wasomaji watakumbuka kwamba mwaka 2017 serikali iliwataka wote walioishi pamoja bila ndoa ya komini waihalalishe kabla ya mwisho wa mwaka ule. Wengi walikwenda. Wengine wakangoja zogo lipite, kisha wakaendelea kama zamani. Kwa Mrundi aliyeoa Mrundi mwenzake, kungoja huko kuna hasara zake siku ya mirathi. Kwa aliyeoa mgeni, hasara haingoji mauti. Hubisha hodi alfajiri.

Ni kweli kwamba mwenye mwenzi mgeni ana kazi kubwa zaidi. Kwa kawaida komini huhitaji cheti cha kuzaliwa cha yule mgeni, na uthibitisho kutoka kwao kwamba hana ndoa nyingine. Kwa Mtanzania, cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA kupitia ofisi ya wilaya. Na mtu aliyezaliwa kijijini bila kuandikishwa hulazimika kuanza mbali, kwa mashahidi na viapo. Kazi hiyo huchukua muda. Ndiyo sababu haifai kuanzwa siku ile askari amekwisha kusimama mlangoni.

Tuje kwenye kibali cha kukaa. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Wengi walisikia habari hiyo wakadhani kwamba mipaka imefutwa. Haikufutwa. Itifaki ilirahisisha kuingia: raia wa nchi mwanachama aweza kuingia kama mgeni bila kulipia viza, na kupewa muda usiozidi miezi 6. Aliyekuja kufanya kazi huombewa kibali cha kazi na cha ukaazi, na aweza kufuatana na mke au mume na watoto. Lakini juu ya ukaazi wa kudumu, itifaki yenyewe, katika kifungu cha 14, inasema kwamba jambo hilo litafuata sera na sheria za kila nchi. Maana yake ni kwamba Jumuiya imefungua lango la ua, na mlango wa nyumba umebaki mkononi mwa mwenye nyumba.

Hapa kwetu mlango huo unasimamiwa na Idara ya Uhamiaji, ambayo zamani watu waliijua kwa jina la PAFE, na sheria ya uhamiaji iliyopo ni ile ya Novemba 2021. Mgeni anayepita miezi yake bila kuomba nyongeza wala kibali kingine, sheria humhesabu kuwa anakaa kinyume cha taratibu, hata kama amelala kitandani mwa mumewe wa halali na kunyonyesha mtoto wa Kirundi. Huo ndio mtego uliomnasa mama yetu. Muhuri wa Mugina ulimpa muda, muda ukapita, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeuangalia tena ule ukurasa wa pasipoti.

Ama kuhusu uraia, mama huyu ana njia ambayo hakuijua. Sheria ya Uraia ya tarehe 18 Julai 2000 ilimpa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mrundi nafasi ya kuupata uraia wa Burundi kwa sababu ya ndoa yake. Lakini ndoa inayotajwa hapo ni ndoa ya komini. Cheti chake cha nikahi, kwa uzuri wote wa kitambaa kilichokifunga, hakimfikishi huko. Tena lipo neno la tahadhari: Tanzania kwa kawaida haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili. Basi kabla ya kutia saini karatasi yoyote ya uraia, na aulize ubalozi wa nchi yake hapa Bujumbura nini kitapungua upande wa kwao. Mtu asivue nguo ya zamani kabla hajajua kama ile mpya inamtosha.

Sasa turudi Rohero, kwa maana barua ya mama huyu ina sehemu ya pili ambayo imetushughulisha zaidi kuliko ile ya kwanza. Yule jirani aliyebaki na mtoto mkubwa siku ile ni mwanamume, fundi wa friji, mzaliwa wa Uvira. Mkewe ni Mrundi, naye ni askari polisi. Hawa walifuata taratibu tangu mwanzo. Walifunga ndoa mbele ya afisa wa komini, cheti wanacho. Kibali cha kukaa cha mume hulipiwa na kufanywa upya kila muda wake unapokwisha, na mke mwenyewe, kwa kuwa anaijua kazi, huandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Alfajiri ile ya ukaguzi askari walizitazama karatasi zao dakika mbili, wakasalimu, wakaenda zao.

Lakini mama anaandika kwamba aliporudi kutoka kituoni, akamkuta mwanawe amelala kwa jirani, yule fundi alimwambia maneno haya: "Dada, wewe sheria inakungoja. Mimi ndiye ninayeingoja sheria." Maneno hayo yana uzito, nasi tungependa wasomaji wayafikiri. Sheria ile ile ya mwaka 2000 iliyomfungulia mlango mke mgeni haikumfungulia mume mgeni kwa namna hiyo hiyo. Mwanamume aliyeoa binti wa Kirundi hakupewa uraia kwa sababu ya ndoa. Ilimpasa aombe uraia wa tajnisi, baada ya kukaa nchini miaka mingi, na ombi lake lipimwe na serikali kama ombi la mgeni yeyote. Mpaka siku hiyo yeye ni mtu wa kibali, na kibali kina siku zake. Akipoteza kazi, au akiugua, au ofisi ikichelewa, nyumba nzima hutikisika.

Jambo hilo lafika hata kwa watoto. Katika sheria ya mwaka 2000, mtoto wa baba Mrundi alipata uraia wa babaye bila shida, lakini mtoto wa mama Mrundi na baba mgeni hakupewa uraia wa mamaye kwa wepesi huo. Hali hiyo haikupatana na Katiba ya mwaka 2005, ambayo katika kifungu cha 12 ilisema kwamba watoto wa wanaume na wa wanawake wa Burundi wana haki sawa mbele ya sheria ya uraia. Na Katiba ya mwaka 2018 ilifuata njia hiyo hiyo. Tena tangu mwaka 1992 Burundi ni mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao kifungu chake cha 9 kinazungumzia usawa katika uraia. Sheria ndogo inapotofautiana na Katiba, kazi ya kuzipatanisha ni ya Bunge, na raia ana haki ya kuikumbusha kazi hiyo kwa adabu. Mwanamke anayevaa sare ya taifa, akasimama usiku kwenye kizuizi cha barabara kulilinda taifa hilo, hastahili kuhesabiwa kwamba damu yake ni nyepesi kuliko ya kaka yake.

Nchi jirani zimelishughulikia jambo hili kwa njia tofauti. Kenya, katika Katiba yake ya mwaka 2010, kifungu cha 15, ilisema kwamba mtu aliyefunga ndoa na raia kwa miaka 7, awe mke au mume, ana haki ya kuandikishwa kuwa raia akiomba. Na sheria yao ya mwaka 2011 ikampa mwenzi wa raia njia ya kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3 ya ndoa. Tanzania, kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, ilimpa njia hiyo ya ndoa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania, lakini si mwanamume aliyeoa Mtanzania. Kwa hiyo swali la fundi wa Uvira si geni katika ukanda wetu.

Msomaji aliye askari huenda akasema: "Mwandishi, haya ni mambo ya mahakimu. Mimi nimepewa amri ya kukagua, nakagua." Ni kweli, na hatuandiki kuwafundisha askari kazi yao. Nchi isiyojua nani analala ndani yake haina usalama, na watu wa mji huu wamekwisha kuonja vya kutosha matunda ya kukosa usalama. Lakini kazi ile ile yaweza kufanywa kwa njia mbili, na tofauti ya njia hizo hubaki ndani ya nyumba miaka mingi.

Tuchukue mfano ambao Warundi wanaujua kwa uchungu. Julai 2013, Rais wa Tanzania wa wakati ule, Jakaya Kikwete, aliwapa wageni wasio na vibali katika mikoa ya magharibi muda wa wiki mbili waondoke. Septemba ikafuata operesheni iliyoitwa Kimbunga, katika Kagera, Kigoma na Geita, iliyofanywa na polisi, wanajeshi na maafisa wa uhamiaji kwa pamoja. Makumi ya maelfu ya watu walivushwa mipaka ya Burundi, Rwanda na Uganda. Sababu ya operesheni ilikuwa ujambazi na silaha, na sababu hiyo haikuwa ya mzaha. Lakini katika wavu ule walinaswa pia wake na waume wa raia wa Tanzania, na wazee waliokaa huko miongo kadhaa. Wapo waliofika upande wetu bila mtoto, na wapo watoto waliobaki upande ule bila mama. Haki inataka tuseme pia kwamba nchi hiyo hiyo, mwaka 2014, iliwapa uraia Warundi takriban 162,000, wakimbizi wa mwaka 1972 pamoja na watoto wao. Kwa hiyo nchi moja, katika muda usiotimia miaka miwili, ilionyesha mikono yote miwili: ule unaokusanya bila kuchambua, na ule unaokaa chini kusoma faili moja moja. Askari anayekagua Rohero ana mikono hiyo hiyo miwili.

Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Burundi imeuridhia, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mgeni aliyeingia nchini kwa halali hawezi kufukuzwa ila kwa uamuzi uliofuata sheria, na kwamba kufukuza watu kwa makundi kwa sababu ya taifa au kabila lao ni marufuku. Kwa lugha ya mlangoni, maana yake ni kuangalia mtu mmoja mmoja. Yupo mgeni ambaye hakuomba kamwe. Yupo aliyeomba, ana stakabadhi mkononi, anangoja jibu la ofisi. Yupo ambaye kibali kimekwisha juzi kwa sababu mumewe yuko kambini na pesa hazijafika. Hao watatu si mtu mmoja, na askari mwerevu huwatenganisha kabla ya kuandika taarifa. Halafu huuliza swali la nne: "Nani atabaki na watoto?" Yule kijana wa Rohero aliuliza. Mama anasema alimngoja afunge mtoto mgongoni, akamruhusu ampeleke yule mkubwa kwa jirani, wala hakumwinulia sauti mbele ya watoto. Sheria haikupungukiwa kitu kwa upole huo. Tungependa wakubwa wa kijana huyo wajue kwamba aliyekamatwa ndiye aliyemsifu.

Baada ya kusema hayo, hatuna budi kumgeukia mtu mmoja ambaye mpaka sasa hajatajwa sana katika barua hii, naye ni mume. Dada yetu alipoingia Burundi hakujua komini iko wapi. Hakujua Kirundi wala Kifaransa cha ofisini. Aliyejua ni mumewe. Aliyezaliwa hapa ni mumewe. Kwa miaka sita, kila mama alipouliza, jibu lilikuwa: "Usiwe na wasiwasi, wewe ni mke wa askari, nani atakugusa?" Ndugu askari, jibu hilo tunalisikia katika nyumba nyingi, nalo si jibu. Sare yako inakulinda wewe. Haikuandikwa jina la mkeo. Tena alfajiri ya ukaguzi wewe hupo. Uko kambini, au uko kwenye kizuizi cha barabara ukikagua karatasi za mke wa mtu mwingine.

Mwanamume akioa hutafuta nyumba yenye paa. Hawezi kumwambia mkewe, "Kaa hapa ukutani, paa litakuja kesho." Kwa mke mgeni, karatasi ni paa. Kila mwaka unaopita bila kwenda komini ni mwaka ambao mkeo analala nje, hata kama godoro ni zuri. Sisi hatuamini kwamba wanaume hawa hawawapendi wake zao. Tunaamini kwamba ni wazito wa kusimama kwenye foleni, na kwamba wanaogopa gharama, na pengine wanaona haya kukiri mbele ya karani kwamba wamechelewa. Lakini haya ya saa moja dirishani ni nafuu kuliko aibu ya mke kituoni. Wahenga walisema, asiyeziba ufa atajenga ukuta.

Na isidhaniwe kwamba mambo haya ni ya Afrika peke yake, kwa maana wako wasomaji wenye mabinti walioolewa ng'ambo. Huko Marekani, mwenzi wa raia ambaye ndoa yake haijatimiza miaka 2 hupewa kwanza ukaazi wa masharti wa miaka 2, kisha wote wawili warudi kuomba masharti yaondolewe. Juni 2025 serikali ya huko ilitangaza vikwazo vya viza kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwamo. Na Novemba 2025 zilienea habari kwamba mjini San Diego wenzi wa raia, ambao siku za viza zao zilikuwa zimekwisha, walikamatwa ndani ya ofisi ile ile walikoitwa kuhojiwa juu ya ukaazi wao. Mzazi mwenye binti huko asimuulize tu kama amepata kazi. Amuulize pia karatasi zake zimefika wapi.

Sasa, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, tuseme yanayoweza kufanywa nyumbani juma hili, kabla jua la Jumapili halijatua.

Kwanza, tafuteni bahasha moja ngumu, au kopo la biskuti lenye kifuniko. Humo wekeni pasipoti ya mgeni, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kibali, na kila stakabadhi ya malipo. Nakala zake zikae kwa ndugu au rafiki aliye mtaa mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni mali.

Pili, fungueni pasipoti leo, msome tarehe ya mwisho. Iandikeni kwenye kalenda ya ukutani, na mhesabu miezi miwili nyuma. Siku hiyo ya miezi miwili ndiyo siku ya kwenda ofisini, si siku ya mwisho.

Tatu, kama ndoa haijafika komini, mume na aombe ruhusa kwa mkubwa wake kwa sababu hiyo hasa. Aulize pia kanuni za kikosi chake kuhusu ndoa, ili asitengeneze huku akaharibu kule. Mgeni naye aandike kwao mapema kuomba cheti cha kuzaliwa na uthibitisho wa kutokuwa na ndoa nyingine.

Nne, mtoto akizaliwa, aandikishwe komini ndani ya siku 15. Mtoto wa wazazi wa nchi mbili asipoandikishwa hupungukiwa pande zote mbili.

Tano, ukiomba kibali, usiondoke dirishani bila stakabadhi. Karatasi hiyo ndogo ndiyo inayosema kwamba unangoja, wala hujifichi. Usimpe pesa mtu wa mitaani anayedai kuwa anajua njia ya mkato. Mara nyingi njia hiyo huishia kwenye muhuri wa uongo, na muhuri wa uongo hugeuza kosa la kuchelewa kuwa kosa la jinai.

Sita, askari wakibisha, fungua. Usijifiche chini ya kitanda, usiazime kitambulisho cha shemeji, usiseme umezaliwa Ngozi ilhali lafudhi yako ni ya Ujiji. Sema kweli, onyesha ulichonacho, uliza jina la ofisi unayopelekwa. Na mpatane mapema na jirani mmoja, mkijua yeye ndiye atakayebaki na watoto. Fundi wa Uvira hakuombwa, alijitolea. Lakini bahati ya jirani mwema haifai kuachwa iwe mpango wa nyumba.

Saba, kwa kuwa sheria hurekebishwa, kila mtu aulize komini na Uhamiaji yale yanayotumika siku anayokwenda. Gazeti humwonyesha mtu mlango. Karani ndiye anayejua kama kufuli imebadilishwa.

Mama wa Rohero, tunakujibu. Umeuliza kama wewe si mke wa nchi hii. Wewe ni mke wa nyumba hiyo, na hilo hakuna askari anayeweza kukuondolea. Kuwa mke mbele ya nchi ni safari fupi iliyobaki, kutoka Rohero mpaka ofisi ya komini ya Mukaza, na safari hiyo mumeo ndiye wa kuitangulia, kwa maana ndiye anayeijua njia. Umetuandikia katika karatasi ya mwisho kwamba amekwisha kupata ruhusa, na kwamba cheti chako cha kuzaliwa kimeombwa Kigoma lakini hakijafika. Siku ulizopewa zilikuwa 30, na kwa hesabu yetu, gazeti hili likifika mikononi mwako zitakuwa zimebaki 11. Usingoje ziishe. Nendeni nyote wawili kesho asubuhi, mkiwa na watoto, mpeleke uthibitisho kwamba cheti kimeombwa, mwombe muda uongezwe kwa maandishi. Mtu anayefika kabla ya siku yake hupokewa tofauti na anayeletwa baada yake.

Na wewe, dada polisi, mke wa fundi, kama unasoma: ile kalenda yako ya ukutani tumeisifu mbele ya wasomaji wote. Endelea kuandika tarehe. Tunaomba siku moja upate sababu ya kuacha.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi jikoni.